Gharama ya Kumpaka Kobe Rangi

Hebu niambieni, mmewahi kusikia rangi ya gari ikawa ghali kuliko gari lenyewe? Msikimbilie kujibu. Hata Mama Makochi alipoulizwa hivyo na mwanawe wa kwanza, wanawe wengine wote wakiwa wamekaa kusikiliza, hakukimbilia. Alikata uzi kwa meno, akaulowesha kwa mate, akaupenyeza kwenye tundu la sindano, ndipo akainua macho.

Lakini alichojibu kitakuja mahali pake. Tuanze na gari.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, na nyumbani waliliita Kobe, kwa sababu mgongo wake ulikuwa wa mviringo na hakuwahi kumpita mtu barabarani. Lilikuwa la zile aina ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza siku nyingi: taa mbili za duara zilizotokeza mbele kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, usukani mwembamba mpana kama sinia, na vishikizo vya milango vya chuma vilivyokuwa baridi hata saa sita mchana. Marehemu alilifanyia teksi tangu ujana mpaka magoti yalipokataa. Injini yake ilikuwa nzima. Marehemu aliipenda injini ile kuliko alivyopenda kula, na aliisafisha kwa kitambaa laini kama anayemfuta mtoto makamasi.

Bodi ndiyo iliyoonewa. Kila rangi ilipopauka, marehemu hakwenda kwa fundi. Alichukua brashi na kopo la rangi ya milango, akapaka mwenyewe uani, huku akiimba. Alipaka kijivu. Juu ya kijivu akapaka bluu. Juu ya bluu akapaka njano, kwa sababu teksi zote zilitakiwa ziwe za njano, na alipostaafu akapaka nyekundu iliyoiva sana, rangi ya ini. Mistari ya brashi ilionekana mpaka kwenye paa, na mahali fulani karibu na taa ya nyuma kulikuwa na nzi aliyegandia humo, akapakwa naye.

"Mume wangu," Mama Makochi alikuwa akimwambia, "hili ni gari au ni kabati?"

"Wewe shona," marehemu alikuwa akijibu. "Mimi niachie kabati langu."

Kabla hajafumba macho alisema mbele ya wanawe wote kwamba Kobe ni wa mama yao, amfanye apendavyo. Basi akafa, na Kobe akawekwa juu ya mawe manne, akafunikwa turubai, na kuku mmoja mwenye kiburi akakifanya kiti cha nyuma kuwa chumba chake cha uzazi.

Mama Makochi naye jina hilo alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi upya. Kochi huletwa kwake limechoka, springi zimetokeza kama mbavu, na mwenyewe anasema, "Mama, nibandikie kitambaa tu hapo juu, wageni wanakuja." Hakukubali hata siku moja. Aling'oa misumari midogo mmoja mmoja, akavua kitambaa kikuukuu, akatoa sponji lililogeuka unga, akabaki na mbao tupu. Hapo ndipo alipoanza kazi. Wateja walinung'unika kwamba ni ghali. Aliwajibu wote jibu moja: "Mtu hakogi kwa kubadilisha shati."

Mwanawe wa kwanza ndiye aliyekuja na habari za mnunuzi. Mwana huyu walimwita Mwenyekiti tangu utotoni, kwa sababu hata mchezo wa kujificha aliuanza kwa kufungua kikao. Sasa alikuwa mtu wa ofisini, mwenye kalamu mbili mfukoni, na kwa kweli hakuwa mtoto mbaya. Kila mvua iliponyesha alikuwa wa kwanza kupiga simu kumuuliza mama yake kama ndoo aliiweka sawasawa, maana paa la chumba cha kulala lilikuwa likivuja.

"Mama, nimempata mtu," alisema. "Anakodisha magari ya zamani kwa maharusi. Wanamwita Bwana Maua. Amemwona Kobe, amempenda. Atamchukua hivi hivi alivyo, ampige nyeupe, aanze kazi. Na sisi tunaezeka."

"Nyeupe?" mama akauliza.

"Maharusi wanapenda nyeupe."

"Mimi si harusi. Siuzi. Nampaka rangi mwenyewe."

Binti yake wa mwisho, aliyekuwa muuzaji kwenye duka la dawa na aliyekuja siku hiyo kumpima mama yake presha, alicheka mpaka akakosea kupampu. "Mwenyewe kwa brashi, kama baba?"

"Kwa fundi. Fundi hasa, wa kupuliza."

Na kesho yake akajifunga kilemba akaenda.

Fundi hasa alikuwa mmoja tu upande ule, na watu walimwita Kinyonga. Wapo waliosema ni kwa sababu ya rangi, maana ovaroli lake lilikuwa na madoa ya kila gari lililowahi kupita mikononi mwake. Wapo waliosema ni kwa sababu ya mwendo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, anayeinua mguu kama anayefikiria kwanza kama ardhi inafaa. Gereji yake ilizungushiwa mabati, na ndani kabisa kulikuwa na chumba cha kupulizia kilichofungwa plastiki nzito pande zote, sakafu yake ikimwagiwa maji kila asubuhi ili vumbi lisipate ujasiri wa kuruka.

Alikuja kumtazama Kobe pale uani. Akamzunguka. Akamwona nzi. Hakucheka.

"Bei yako?" Mama Makochi aliuliza.

Kinyonga hakujibu. Alitoa chaki mfukoni, akachora duara kwenye mlango, ukubwa wa sahani. Kisha akatoa kipande cha msasa akampa.

"Kwangua hapo mpaka uone bati. Ukiliona, tutaongea bei."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake kwa kila mteja, awe mkubwa, awe mdogo. Wengine walikasirika wakamwambia wamekuja kupakiwa rangi, hawakuja kuajiriwa, wakaondoka. Wengine walikwangua kidogo, wakafuta jasho, wakasema, "Taja tu fundi, nitalipa." Mama Makochi alivuta kigoda. Akakaa. Akakwangua.

Rangi ya milango haina adabu. Ikipata joto la mkono inalainika, inajaa kwenye msasa kama nta, msasa unateleza. Alipiga msasa kwenye goti kuukung'uta, akaendelea. Ini likaondoka, njano ikatokea. Njano ikaondoka, bluu ikatokea, ngumu kama kwato, na chini yake kijivu. Mkono wa kulia ulipochoka akatumia wa kushoto. Kinyonga alisimama pembeni akinywa chai aliyokaribishwa, akaimaliza, akajiongezea. Hatimaye bati likang'aa katikati ya duara, jembamba, jeupe, kama ukucha.

"Haya," alisema Mama Makochi. "Bati hilo."

"Sasa duara hilo lijaze gari zima," alisema Kinyonga. "Paa, boneti, milango, na chini ya milango ambako kutu imeshakula, nikate nichomee bati jipya. Halafu puti ya kuziba mabonde. Halafu msasa tena, mkavu, na wa maji. Halafu praima, rangi ya msingi. Halafu msasa tena. Rangi yenyewe, mama, ni mkia tu. Ng'ombe mzima ni matayarisho."

Kisha akataja bei.

Mama Makochi alijimiminia maji ya kunywa. Kwa bei ile mtu angepata gari jingine linalotembea, akabaki na chenji ya kuezeka nusu ya paa. Alikunywa taratibu. Kinyonga alimsubiri.

"Mbona kimya?" fundi akauliza. "Nangoja useme nipunguze."

"Sisemi. Maisha yangu yote watu wananiambia mimi nipunguze, eti kochi lenyewe la zamani. Nikija kwako na neno lile lile, ulimi utaniwasha." Akaweka bilauri chini. "Lakini pesa hiyo sina, na nusu yake sina. Nina mikono. Hayo magari yaliyojaa kwako, viti vyake nimeviona nilipokuja kukuita. Vimechanika kama vimeliwa na mbwa. Unapaka nje mtu anafurahi, akifungua mlango anaona aibu. Nipe viti. Nitavishona mpaka tulingane."

Kinyonga aliinua mguu mmoja, akaushusha pale pale. Kwake hiyo ilikuwa dalili ya kushtuka.

"Ni viti vingi, mama."

"Nimekuuliza idadi?"

Basi wakapeana mikono juu ya boneti.

Habari zikafika kwa Mwenyekiti, naye akaitisha kikao. Hapo ndipo aliposema maneno yale: "Mama, umewahi kusikia wapi rangi ikawa ghali kuliko gari lenyewe?" Na hapo ndipo Mama Makochi alipomaliza na uzi wake, akainua macho, akamjibu.

"Ghali kwa nani?"

"Kwa sisi sote!"

"Nyote mtakuja kukwangua?"

Mwenyekiti akachezea kalamu zake.

"Basi ni ghali kwangu peke yangu, na mimi sijalalamika."

"Lakini gari la nini, mama?" binti akaingilia. "Kuendesha hujui."

"Hata pazia siliendeshi. Mbona nalitundika?"

"Rahisi si ipo?" Mwenyekiti akashika kichwa. "Wale vijana wa kando ya barabara wanapiga rangi gari zima asubuhi, jioni unaondoka nalo."

"Na mvua ya kwanza inaondoka nayo. Rahisi huvunja upishi, mwanangu. Funga kikao, nina kochi la watu."

Kesho yake cherehani yake ya miguu ikapakiwa kwenye mkokoteni, na Kobe akavutwa kwa kamba nyuma ya gari la Kinyonga, kuku akikimbia pembeni analalamikia chumba chake. Mama Makochi akapewa kona chini ya bati, kati ya matairi mabovu na pipa la mafuta machafu. Akafagia. Akatandika gunia. Akaning'iniza mkasi wake kwenye msumari, na akamwambia kila aliyepita kwamba atakayeugusa kukatia waya ataondoka bila kidole.

Makanika mmoja mnene aliyekodi nafasi humo, mwenye mdomo kuliko spana, alimkaribisha kwa maneno.

"Bibi, umekuja kutunyang'anya kazi?"

"Nizitake za nini? Wenyewe hamzifanyi."

Gereji nzima ikapasuka kwa kicheko. Toka siku hiyo yule makanika akawa ndiye anayemchemshia maji ya chai.

"Lakini bibi, kweli," alimuuliza siku nyingine, akiwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, "gari la nini kwa mtu wa rika lako?"

"La kutorokea nikipata mchumba."

"Basi niweke kwenye foleni."

"Wewe? Nenda kwanza kaoge."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kila aliyemuuliza alipata jibu, na hakuna aliyepata jibu lenyewe. Binti yake aliambiwa ni gari la kutazama. Jirani aliambiwa ni la kuwatia wivu majirani. Jirani akasonya, akaenda kutangaza kwamba watoto wa Mama Makochi wamemtia mama yao kibarua kwenye gereji, mjane wa watu, anapumua tina ya kuyeyushia rangi mchana kutwa kwa sababu hawataki kumlisha.

Kazi ikaenda. Asubuhi alishona viti vya watu, na jua lilipopoa alikaa na Kinyonga na msasa, wakamkwangua Kobe. Nzi wa marehemu aliondoka siku ya kwanza, na Mama Makochi alimtazama kidogo kabla hajampuliza. Chini ya milango kutu ilikuwa imefanya kazi yake kimya kimya. Kinyonga alipogonga kwa nyundo ndogo, bati likaanguka kama biskuti. Alikata, akachomea jipya. Alipaka puti, akaikwangua karibu yote ikabaki pale tu penye bonde. Kobe akawa wa madoadoa, kisha akawa wa kijivu tupu, amevaa praima kuanzia pua mpaka mkia. Mama Makochi vidole vilivimba kwenye maungio. Usiku alivitia kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na binti yake alipomwambia, "Mama, ona vidole vyako!" alimjibu, "Ndiyo, vyangu."

Siku ya kuchagua rangi ikafika. Kinyonga alimletea kadi yenye vipande vya rangi, vingi kama mbegu. Mama Makochi hakuitazama. Alifungua pindo la kanga akatoa kipande cha mahameli ya kijani, ukubwa wa kiganja.

Mahameli ile aliinunua alipokuwa mke mpya, ajivishie kochi lake mwenyewe. Mteja mmoja akaiona imekunjwa mezani, akaipenda, akamsihi. Na kwa kuwa ndani kulikuwa na shida, akamvishia yeye. Kilichobaki ni kipande hicho. Alikuwa amekitunza miaka yote kwenye kopo la vifungo.

"Hii," alisema, akaipapasa kwa dole gumba. "Kama hii hii, usiniongezee, usinipunguzie."

Kinyonga akaitia katikati ya kurasa za kitabu chake cha hesabu ili isichafuke, akaenda nayo kwa wachanganyaji. Wakachanganya madebe yote ya kutosha gari zima, maana rangi ya kuchanganya ukirudi mara ya pili hailingani. Akalipa. Jioni ile ile, akiwa na hamu, akafunga plastiki, akamwaga maji sakafuni, akapuliza boneti na mlango mmoja.

Asubuhi Mama Makochi alifika, akafunua plastiki, akachungulia. Akairudisha plastiki taratibu.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Kivipi?"

"Hiyo si rangi yangu. Hiyo ni rangi ya chupa ya dawa ya minyoo. Mimi nilikupa majani mabichi, wewe umeniletea kisima."

Kinyonga hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku hiyo alipandisha. "Mama! Kitambaa ulinipa wewe! Nimekiweka juu ya rangi mwenyewe, hakuna tofauti hata ya nywele!"

"Kilete."

Akakileta. Kikawekwa juu ya boneti, na kweli, kilipotea. Hukuona kinapoanzia wala kinapoishia. Makanika mnene akatoka chini ya gari aone nani atamla mwenzake. Mama Makochi akakitazama kipande kile. Kisha akakipapasa kwa kiganja, kuelekea upande wa pili.

Kikawa kijani kibichi, kinachocheka.

Akakipapasa kurudi. Kikawa kisima.

Mahameli ina manyoya, wanangu. Ukiilaza huku inapokea mwanga, ukiilaza kule inaukataa. Kila fundi wa makochi anajua, ndiyo maana hukata vipande vyote vikitazama upande mmoja. Mama Makochi alijua hilo kama anavyojua jina lake, tena alijua mno, mpaka ikampita kwamba mwingine hajui. Na kurasa za kitabu zilikuwa zimeyalaza manyoya upande wa giza.

Kinyonga akageuza debe tupu, akakaa.

"Mimi kazi yangu ni rangi," alisema polepole. "Kitu kinachobadilika rangi ukikipapasa sijawahi kukutana nacho."

"Na wewe unaitwa Kinyonga," alisema makanika.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka. Rangi ya kuchanganya hairudishwi dukani. Madebe yale yalikuwa pesa iliyokwisha kufa, na boneti na mlango vilitakiwa vikwanguliwe tena.

"Kosa ni langu," alisema Mama Makochi. "Sikukwambia."

"Na mimi sikuuliza. Nusu yako, nusu yangu."

"Nusu yangu ni nini?"

Kinyonga alielekeza kidevu kwenye ukuta. Lilikuwepo basi, limeletwa kupakwa, viti vyake vyote vimetolewa vimepangwa nje kama watu wanaosubiri daktari. "Mwenyewe anataka vivishwe vyote. Nilikuwa sijakwambia. Niliona vidole vyako."

Mama Makochi akavitazama viti, safu kwa safu. Akaenda kwenye kona yake, akachukua koleo la kung'olea misumari, akaketi mbele ya kiti cha kwanza.

Alikuwa hapo, katikati ya safu, siku Mwenyekiti alipokuja na Bwana Maua.

Bwana Maua alikuwa nadhifu, ananukia, anatembea kwa kuruka madoa ya mafuta. Alimzunguka Kobe, mwili wa kijivu, boneti na mlango mmoja vya kijani cha kisima, akapiga makofi mara moja.

"Hapo hapo alipo! Kazi ngumu imekwisha. Nyeupe iko dukani, haihitaji kuchanganywa. Fundi, deni lote la mama nalibeba mimi, la rangi iliyoharibika pia. Mama, viti hivyo viache, hata hicho ulichoshika. Pokea pesa yako, nenda kapumzike."

Mwenyekiti akachuchumaa mbele ya mama yake. "Mama, umesikia? Yote. Na paa tunaezeka mwezi huu huu."

Mama Makochi alisikia. Asiseme mtu kwamba hakutamani. Vidole vilikuwa vinampwita, na usiku uliopita ndoo ilijaa mpaka akaamka kuimwaga. Alimtazama Kinyonga. Kinyonga aligeuza uso.

"Ukikubali, mama, mimi sitakulaumu," alisema fundi.

"Baba," Mama Makochi akamwambia Bwana Maua kwa upole, "hiyo nyeupe, kabla hujaipiga utaikwangua boneti hii?"

"Ya nini? Nyeupe inafunika."

"Itapasuka."

"Ikipasuka tunapiga nyingine juu yake. Mama, watu wanamtazama bibi harusi. Nani anatazama gari?"

Makanika mnene alijitokeza kutoka uvunguni mwa gari ili asikose. Kinyonga aliinua mguu, na safari hii hakuushusha.

"Basi," alisema Mama Makochi, "kama hakuna anayetazama gari, kodisha mkokoteni. Uupige nyeupe. Kobe hauzwi."

"Mama, bei yangu nikitoka hapa inashuka."

"Na ishuke. Iangalie isiteleze, sakafu hapa ina mafuta."

Bwana Maua akamtazama Mwenyekiti, Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Mtu wa maua akaondoka, akisahau kuruka madoa.

Mwenyekiti akabaki amechuchumaa. Waliokuwepo walidhani atafungua kikao. Hakufungua. Alikaa chini kabisa, juu ya gunia, na suruali yake ya ofisini.

"Kazini wananiuliza," alisema. "Eti mama yangu ni kibarua gereji. Nikienda msikitini wananiuliza, nikikaa kwa kinyozi wananiuliza. Unajua ninavyojisikia?"

"Waambie mama yako ana akili timamu na deni lake analipa."

"Paa, mama. Nimeahidi kuliezeka tangu baba yupo. Nimeshindwa. Nilitaka Kobe aezeke, watu wadhani ni mimi." Akajifuta uso kwa tai. "Haya, nimesema. Ndio ukweli wote huo."

Mama yake akaacha koleo. 

"Ndoo siichukii," alisema. "Ukiezeka utaezeka. Usipoezeka, mimi si chumvi."

"Basi na wewe niambie. Si kwa ubishi, mama. Baba amekwenda, kuendesha hujui, kuuza hutaki, vidole vinakufa. Kila mtu umempa mzaha. Mimi ni mwanao. Unataka nini na gari hili?"

  Mama Makochi alilainisha kitambaa kwenye magoti, akatazama huku, akatazama kule, kama msichana aliyeulizwa jina la mchumba. Kisha akajiondolea aibu kama mtu anayetupa mzigo.

"Nataka kutembezwa," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Si kwenda popote! Ndiyo maana sikutaka kuwaambia, mngecheka. Gari lile nimelipanda nikiwa na uchungu, kukuzaa wewe na wenzako. Nimelipanda kwenda misibani. Nimelipanda na mbao mapajani na sponji usoni, napeleka makochi ya watu. Mteja akisimamisha njiani, mimi nashushwa nangoja kando ya barabara. Sijawahi, hata mara moja, kupanda gari la mume wangu nikaenda bure. Sasa nataka. Nataka nivae vizuri, nijipake wanja, nikae mbele, kioo kishushwe, wewe uendeshe polepole mji mzima, watu waulize yule nani, halafu unirudishe nyumbani. Na sitaki kutembezwa ndani ya shuka la harusi ya mtu, wala ndani ya kisima. Nataka kijani changu, kile kinachocheka, na nakitaka kipigwe na fundi, kwa bei ile ile aliyoitaja."